Hivi vita ya Ukraine nani wa kulaumiwa? Shemeji anasema NATO, mume wangu anasema Putin

mama_chapati
Wadau habari za jioni. Naomba mnisaidie bila matusi maana hii mada kwetu imeshaleta kununiana. Mi nauza maandazi na chapati Mbagala, 2022 unga wa ngano ulivyopanda ikabidi nipunguze donge mpaka wateja wakaanza kuniuliza mbona maandazi yamesinyaa, nikaambiwa Mrusi kavamia Ukraine ndo maana meli za ngano hazitoki Bahari Nyeusi. Sasa juzi shemeji kaja kula, stori zikafika huko huko, yeye anasema Putin alichokozwa, NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, walimsogelea mpaka mlangoni. Mume wangu anasema mvamizi ni mvamizi hakuna cha kuchokozwa. Wakapandishiana sauti mpaka mtoto akaamka. Mi nilinyamaza kwa sababu kila anayeongea naona ana hoja. Mtu anieleweshe taratibu tu, kosa la nani? Na kama ni la wote, kubwa analibeba nani?

Mzee wa Kijiwe
Dada, shemeji yako anajua anachosema. Hii vita haikuanza tarehe 24 Februari 2022. Mwaka 1990 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, James Baker, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kwamba NATO haitasogea mashariki hata inchi moja. Kilichofuata nini? 1999 wakaingia Poland, Hungary na Cheki, 2004 wakaingia wengine saba wakiwemo wale watatu wa Baltiki wanaopakana na Urusi yenyewe, halafu Aprili 2008 kwenye mkutano wao wa Bucharest, Romania, wakatangaza wazi kwamba Ukraine na Georgia nazo zitakuja kuwa wanachama. Sasa 1962 Mrusi alipopeleka makombora Cuba, Mmarekani alikubali? Dunia nzima ilikaribia kuungua. Na hao wanaolia leo ndio waliovamia Iraq 2003 kwa silaha ambazo hazikuwepo, na Libya wakaiacha kama ilivyo. Mi nina miaka mingi, nakumbuka nani alitupa silaha za ukombozi kusini mwa Afrika na nani alikuwa anafanya biashara na makaburu. Siwezi kumlaani Mrusi kirahisi hivyo.

aliyekuwa_Kharkiv
Mzee shikamoo. Mi nilikuwa huko nasoma, naomba niongee nilichokiona.

Kharkiv iko kama kilomita 40 tu kutoka mpaka wa Urusi na watu wake wengi wanaongea Kirusi. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa haongei lugha nyingine ndani, Kirusi tu, na dada yake kaolewa Belgorod ng'ambo ya mpaka. Asubuhi ile mabomu yalivyoanza alimpigia dada yake akamwambia tunapigwa, dada anamjibu sio kweli, kwenye TV wamesema wanalenga kambi za jeshi tu. Yule mama akafungua dirisha akatoa mkono na simu nje ili dada yake asikie mwenyewe. Kimya. Halafu simu ikakatwa. Jioni tulilala chini kwenye stesheni ya metro, akanipa blanketi lake na chupa ya matango ya siki, ndo chakula tulichokuwa nacho.

Sasa Putin aliposema anaenda kuwaokoa wanaoongea Kirusi, alikuwa anamzungumzia mama huyu.

Na sisemi Waukraine malaika. Tulivyofika mpakani sisi weusi tulirudishwa nyuma ya foleni, nimesimama kwenye baridi masaa mengi mno naangalia wenzangu weupe wanapita, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Lakini aliyenisukuma kwenye foleni ana kosa lake na aliyerusha bomu ana lake, la kwanza haliwezi kulipia la pili.

Msee wa Nakuru
Wakuu msisahau aliyekuwa balozi wetu wa Kenya Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliliongea hili kwa Baraza la Usalama tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla. Alisema mipaka ya Afrika hatukuichora sisi, ilichorwa London, Paris na Lisbon, na ng'ambo ya kila mpaka kuna ndugu zetu wa damu, lakini tuliamua kuiheshimu ili tusiuane milele. Wasomali wako nchi ngapi? Wamaasai je? Na hakuwaacha hao wakubwa wengine, aliwaambia pia wanavunja sheria wakitaka. Kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Machi ikaja, nchi 141 zikasema Urusi itoke, 5 zikakataa, 35 hazikuegemea popote. Kenya ilipiga ndiyo, Tanzania haikuegemea upande, na hapo kusema ukweli niliwashangaa majirani.

Mjukuu wa Missenyi
Hata mi nilishangaa ndugu yangu wa Nakuru, tena sisi ndo tungekuwa wa kwanza kuelewa.

Mzee wa Kijiwe, kwa heshima zote, wewe unaikumbuka 1978. Mwishoni mwa Oktoba Amin kaingia Kagera, akatangaza mpaka mpya ni mto Kagera, yaani kwao bibi yangu ghafla pakawa Uganda. Na Amin alikuwa na sababu! Obote, rais aliyempindua, tulikuwa tunaishi naye Dar, na 1972 wapinzani wa Amin walitokea kwetu wakaenda kumshambulia. Sasa je, tulikubali kwamba kosa ni letu? OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilitaka tusuluhishwe tu, haikumlaani mvamizi, na Mwalimu ilimchoma sana. Na hao Warusi mzee, sawa walisaidia ukombozi, lakini ndege za kivita za Amin, MiG, nazo zilitoka wapi? Moscow. Halafu ile ilikuwa Umoja wa Kisovieti, Waukraine walikuwa humo humo.

Kuhusu NATO. Ahadi ya Baker ilikuwa ya mdomo. Iliyoandikwa ni ile hati iliyosainiwa Budapest, Hungary, Desemba 1994: Ukraine ikatoa silaha zote za nyuklia zilizobaki kwake, akiba ya tatu kwa ukubwa duniani, na Urusi ikasaini kwamba itaheshimu mipaka yake. Na watu wengi hawajui hili: 2010 bunge la Ukraine lilipitisha sheria kwamba nchi haitajiunga na muungano wowote wa kijeshi. Sheria hiyo ilikuwa bado hai Urusi ilipoichukua Crimea, rasi ya Ukraine, Machi 2014, waliifuta Desemba baada ya kuumizwa. Na Finland imeingia NATO Aprili 2023, ina mpaka na Urusi zaidi ya kilomita 1,300, mbona haikuvamiwa? Kwa sababu Putin mwenyewe aliandika Julai 2021 kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Anataka nchi, NATO ni ya kuongelea.

Walioahidi Bucharest bila kulinda wana lawama, sikatai. Ila mama chapati, mzigo mkubwa ni wa yule aliyeamuru vifaru vivuke.

Mzee wa Kijiwe
Marahaba kijana wa Kharkiv, pole sana. Wa Missenyi, hiyo sheria ya 2010 sikuwa naijua, nitaitafuta. Ila Iraq siachi, mbona Bush hajawahi kuguswa?

Mjukuu wa Missenyi
Iraq nao ni uvamizi mzee, na mwenye kosa ni aliyeamuru. Hapo niko na wewe.

mama_chapati
Asanteni jamani, namsomea shemeji yote leo usiku. Mjukuu, samahani, bibi ilikuwaje? Alirudi?

Mjukuu wa Missenyi
Alivuka mto kwa mtumbwi na watoto wawili, mbuzi wakabaki. Aliporudi 1979 mabati yameng'olewa yote, mlango na fremu vimebebwa, mbuzi hakuna. Migomba ilikuwepo, ila imeota mpaka ndani ya chumba.