Cobra 148 GTL ya zamani: bei ipi ni ya haki?

mawimbi_mapya
Wakuu, kuna mtu anauza Cobra 148 GTL, redio ya CB (ya mawasiliano ya raia), chaneli 40, AM na SSB (namna mbili za kurusha sauti). Anasema "inawaka, mengine sijajaribu". Kifuniko kina mikwaruzo, maiki si ya asili, boksi na kitabu hakuna. Bei anayotaka ni sawa na ya zile safi kabisa. Nitajuaje inastahili ngapi?

Lehemu60
Mkuu, achana na bei za matangazo, kila muuzaji huandika anachotamani. Tafuta zilizokwisha kuuzwa, modeli hiyohiyo, tano au sita za miezi ya karibuni. Ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zinazobaki zikupe bei ya katikati. Hiyo ni ya redio iliyopimwa kupokea na kurusha. "Inawaka" ni taa tu, na taa huwaka hata kama transista ya mwisho, ile inayokuza nguvu ya kurusha, imekufa. Isiyopimwa inunuliwe kama mbovu, usivuke nusu ya hiyo bei.

Boksi na kitabu wanavijali wakusanyaji. Kwa mtu wa kuitumia, mikwaruzo si hoja. Maiki ndiyo ya kuangalia: plagi zinafanana umbo lakini mpangilio wa nyaya hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Na Cobra nyingi za enzi hizo hazitoi sauti kabisa maiki isipochomekwa, kwa hiyo ukikuta kimya usikimbilie kusema spika imekufa.

Kristali14
Akikuruhusu kuipima, nenda na pawa saplai ya volti 13.8, mita ya SWR (ya kupima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) yenye kipimo cha wati, na mzigo bandia wa ohm 50 unaoshika nafasi ya antena. Usibonyeze maiki kabla hujaunganisha mzigo, unaweza kuua transista ya mwisho ukiwa bado hujalipa.

Anza na waya wa umeme. Fyuzi ikiwa imezungushiwa waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, huenda kuna mtu aliwahi kugeuza chanya na hasi. Ndani kuna dayodi ya kinga ambayo hufa kwa kushoti. Yenyewe ni rahisi na hubadilishwa kwa dakika chache, lakini kama fyuzi haikukatika, tazama njia za shaba kwenye bodi kama zimeungua.

Kwenye AM, bila kuongea, utegemee wati 4 au pungufu kidogo. Kwenye SSB piga mluzi: kilele ni wati 12, ila mita ya kawaida huonyesha pungufu mtu akiongea, hilo lisikutishe. Zungusha chaneli zote 40 taratibu. Chaneli zikikatikakatika swichi ina uchafu, na dawa ya kusafishia hutosha. Zote zikiwa kimya, kupokea na kurusha, huenda PLL, saketi inayoshikilia masafa, haishiki. Chipu yake, MB8719, haitengenezwi tena, kwa hiyo hapo shusha bei hadi ya vipuri.

mawimbi_mapya
Asanteni. Nimeipima na kuifungua. AM inatoa wati 9 bila kuongea. Kwenye SSB sauti inahama polepole. Karibu na koili za VCO (saketi inayozalisha masafa) kuna gundi ya kahawia.

Kristali14
Imechokonolewa. Wati 9 kwenye AM si sifa: transista inachemka, na sauti haina nafasi ya kupanda juu ya wimbi, hivyo unasikika hafifu na umekwaruza. Angalia viini vya koili kama vimepasuka, na kama transista ya kudhibiti modulesheni imekatwa mguu. Ile gundi ilikuwa ya manjano. Ikigeuka kahawia huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri, na inaweza kabisa kuwa ndiyo inayohamisha masafa. Ikwanguliwe yote, kisha VCO ipangwe upya.

Lehemu60
Basi hesabu hivi: bei ya katikati, toa kazi ya fundi ya kuipanga upya nzima, toa seti ya kapasita za elektroliti, toa 2SC1969 moja ya akiba, yaani transista ya mwisho. Hiyo transista nunua kwa muuzaji unayemwamini, feki zimejaa na huungua mara ya kwanza ukiongea kwa nguvu. Kinachobaki ndicho cha kumpa. Akikataa, mwachie.

antena_ndefu
Na zile redio za CB za chaneli 23, za kabla ya 1977?

Kristali14
Bei yake huwa chini, isipokuwa za valvu kama Browning Golden Eagle. Zile za kristali 14, chaneli nne zinazofuatana zikifa, mfano 5 hadi 8, ni kristali moja ya lile kundi lenye kristali sita. Ikifa kila ya nne, 2, 6, 10 na kuendelea, ni ya mojawapo ya makundi mawili ya kristali nne, moja la kupokea na jingine la kurusha. Chaneli hizo zikipokea lakini zisirushe, au kinyume chake, hapo unajua ni kundi lipi. Ya valvu iliyolala miaka mingi usiichomeke moja kwa moja ukutani. Ipitishie kwenye balbu iliyounganishwa kwa mfululizo, na kumbuka za Marekani zinataka volti 120.