Naomba ushauri: mwenzake dada yangu anataka kuuza nyumba waliyojenga pamoja

Ndugu zangu, dada yangu anaishi Morogoro na mwenzake tangu 2013 bila kufunga ndoa. Wana watoto wawili na nyumba waliyojenga pamoja, lakini hati ina jina la mwanamume peke yake, naye sasa anatafuta mnunuzi.

Nafahamu kwamba kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 huwadhania kuwa wanandoa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo, ingawa dhana hiyo yaweza kukanushwa. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed la 1983, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani, kazi za nyumbani pia huhesabiwa kuwa mchango katika kupata mali ya wanandoa, jambo la haki kabisa.

Je, aanzie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, au awahi kuweka pingamizi kwa Msajili wa Hati?