Naomba ushauri: rangi za kivulini zinanichanganya

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa uchoraji au wanaoelewa jinsi ubongo unavyosoma rangi.

Najifunza kuchora kwa rangi, na kinachonisumbua ni vivuli. Shuka jeupe likiwa kivulini mimi naliona jeupe tu, kumbe mwanga unaofika jichoni ni wa kijivu, tena kijivu kilichokolea. Ubongo hukadiria mwanga uliopo, kisha hurekebisha rangi kabla hatujaitambua.

Mfano mzuri ni ubao wa drafti uliochorwa na Edward Adelson, mtafiti wa jinsi tunavyoona, mwaka 1995. Mraba A ulio kwenye mwanga na mraba B ulio ndani ya kivuli cha silinda ni kijivu kilekile, lakini B unaonekana mweupe zaidi waziwazi. Nimepima kwa programu ya picha, namba za rangi ni zilezile. Nikifunika miraba ya jirani kwa karatasi, tofauti inatoweka; nikiiondoa, inarudi papo hapo. Inashangaza sana, maana kuujua ukweli hakubadilishi unachokiona!

Nimejaribu kufinya macho, pia kuchungulia kupitia tundu dogo kwenye kadi ya kijivu. Tundu linasaidia kweli, ila nikiishusha kadi napoteza kipimo.

Je, kuna zoezi la kulizoeza jicho lipime kivuli bila tundu, au hata wazoefu hutegemea kifaa? Na kitambaa chekundu kikiwa kivulini, mnalinganishaje giza lake na la kitu cheupe kilicho pembeni yake?

Natanguliza shukrani.