Wanafunzi wamekariri tamathali za Kiingereza, kazi yake hawaioni

Mama Tuisheni, Makorora
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina kikundi cha tuisheni ya Kiingereza jioni, kidato cha tatu na cha nne. Tashbihi, sitiari, tashihisi, maana zote wanazo kichwani. Wape insha sasa: jasiri kama simba, shughuli nyingi kama nyuki, zote zimetoka kwenye kitabu cha maswali na majibu. Juzi mmoja kaandika habari za soko la Mgandini, hapa hapa Tanga, kanzu ya muuza nazi ikawa nyeupe kama theluji. Muda wa kupitia orodha nzima sina. Nianze na ipi ili waone inafanya nini?

Mstaafu wa Chaki
Marahaba mwanangu. Orodha iweke kabatini. Chukua hotuba ya Antony kwenye maziko ya rafiki yake Kaisari, ile tamthilia ya Shakespeare. Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka 1963, kwa hiyo wanaoshindwa na Kiingereza cha zamani wapitie huko kwanza.

Antony karuhusiwa kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji, Brutus na wenzake. Basi anawasifu. Brutus ni mtu wa heshima. Kisha anakumbusha kwamba Kaisari alileta mateka, na fedha za kuwakomboa zikajaza hazina ya Roma. Na Brutus ni mtu wa heshima. Anataja taji ambalo Kaisari alilikataa mara tatu. Na Brutus, jamani, ni mtu wa heshima. Maneno ni yaleyale, ila kila yanaporudi yanakuta ushahidi mwingine umeshawekwa mezani, mpaka watu wenyewe wanapaza sauti kwamba hao ni wasaliti. Hapo umepata takriri (kurudia maneno) na kinaya (kusema kinyume cha unachomaanisha) kwa mkupuo mmoja. Sasa wape kazi: waifute sentensi hiyo kila inapojirudia, wasome tena kwa sauti. Watasikia wenyewe kilichopungua.

Ukitoka hapo nenda kwa Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, bungeni London, 4 Juni 1940, jeshi lao limetoka kuokolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa. “Tutapigana” inarudi na kurudi, na wengi wakishasema “takriri” wanafunga daftari. Waulize: watapigana wapi? Fukweni, kwenye viwanja vya kutua, mashambani na mitaani, vilimani. Adui anaingia nchini kadiri sentensi inavyokwenda! Wachoree ubaoni kwa huku kwetu, kutoka ufukweni hadi milimani: Raskazone, Ngamiani, Muheza, hadi Usambara. (Raskazone mambo hayo wanayajua. Novemba 1914 Waingereza walishusha majeshi papo hapo, wakarudishwa baharini, na nyuki wakawang'ata njiani.) Mwishoni neno la kupigana linaondoka, linaingia la kutosalimu amri kamwe. Bila ule mfululizo lisingekuwa na uzito huo.

Kijana wa Chuda
Mwalimu, heshima yako, lakini mtihani unauliza jina. Mtoto akieleza vizuri namna hiyo asiandike “takriri”, alama inampita.

Mstaafu wa Chaki
Jina ni la dakika moja, mdogo wangu. Nampa akishaona kazi. Nikimpa kabla, anatosheka nalo, haangalii tena.

Bi Raha
Mimi napenda ya kuchekesha: kitenzi kimoja kinabeba vitu viwili visivyolingana. Wataalamu wanaiita zeugma. Alexander Pope, mshairi wa karne ya 18, ana binti wa kitajiri anayehofiwa atachafua heshima yake, au gauni lake jipya. Hakuwatukana matajiri wale hata kidogo, kaweka tu heshima na kitambaa kwenye mzani mmoja. Wanafunzi wangu walitunga zao, na iliyoniua ni ya shemeji aliyeshuka stendi ya Kange na begi, njaa na mke wa mtu.

Mama Tuisheni, Makorora
😂 Hiyo wataipenda. Na ule mtindo wa Waingereza, jambo limekuwa zuri kabisa wao wanasema “si baya”? Wanafunzi wanaona ni uchoyo wa kusifu.

Mstaafu wa Chaki
Hao si watoto wa Tanga? Mwulize bibi yeyote wa Ngamiani hali, atakujibu “si haba”, kumbe binti kaolewa, deni limelipwa na nyumba imepauliwa. Kazi ni ileile: unakanusha kidogo, msikilizaji anajaza mwenyewe. Ila wasiimwage. Ikijaa kwenye insha, msomaji anadhani mwandishi anaogopa kusema lake.

Mama Tuisheni, Makorora
Ahsante mwalimu. Jumatatu naanza na Antony. Mwenye nakala ya tafsiri ya Nyerere aniazime, nitaifuata popote mjini.

Kijana wa Chuda
Ninayo ile aliyoirekebisha, ya 1969. Jalada halina, kurasa zote zipo. Njoo baada ya magharibi, dada, na mimi nikae nyuma nisikilize.