Kapeti limeungua na pasi: kiraka, kunyoa au kukata ukingo?

Mama Tabata: Wakuu, kapeti la futi 6 kwa 9, lina maua. Pasi imeacha alama ya sentimita 12, sentimita 8 hivi kutoka ukingoni. Mgongo haujatoboka. Nishike njia ipi?

FundiKapeti: Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufu: sugua kwa brashi ngumu, weusi mwingi utatoka. Ukiyeyuka ukaganda kidonge kigumu, ni plastiki. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, pasi iliyowekwa moto wa pamba inapita hapo. Kama ni ncha tu za nyuzi, nyoa kwa mkasi mdogo milimita 1 au 2, kisha nyoa na pembeni kidogo kidogo ili pasionekane shimo.

Kigamboni77: Nyuzi zikiyeyuka hadi chini, kunyoa hakusaidii. Weka kiraka. Pitisha kiganja ujue manyoya yamelalia wapi. Kiraka kikigeuzwa kitaonekana kama doa hata rangi ikiwa ileile. Kata palipoungua na kiraka chenyewe kwa wembe mpya kutokea mgongoni, maana ukikatia juu unanyoa manyoya ya pembeni. Chini weka turubai lililozidi sentimita 3 kila upande, paka gundi ya viatu juu ya turubai na mgongoni mwa kapeti na kiraka, subiri dakika 10 hadi 15 isishike kidole, ndipo ubandike. Hakuna kusogeza tena. Weka uzito mpaka kesho yake.

Ilala_Mjenzi: Naongeza: usibandike kwenye vigae vyenyewe. Nyumba za chini huku Dar unyevu hupanda, hasa masika, gundi inaachia. Na supagluu achana nayo, inakausha manyoya yakawa kama msumari.

FundiKapeti: Ila la maua kiraka utakitoa wapi? Mabaki ya Kariakoo mengi ni ya rangi moja. Hapo kata sentimita 22 upande huo wote: 8 za ukingo, 12 za alama, 2 za ziada.

Mama Tabata: Nimechoma uzi, ni kidonge. Zimeyeyuka hadi chini. Ukingo nauzuiaje usifumuke?

FundiKapeti: Basi kata, dada. Paka gundi nyeupe kwenye mkato mgongoni, ikauke kabisa. Kisha zungusha uzi wa nailoni kwa sindano ya magunia, kila milimita 5, ukiingia ndani sentimita 1. Ukikaza mno, ukingo unajikunja. Upande wa mkabala uache kama mpangilio wa maua haujaegemea upande mmoja baada ya kukata. Ukiegemea, kata na huko.