Naomba ushauri: makumbusho yetu ya sanaa Kibirizi, Kigoma

Habari zenu wakuu.

Sisi ni wachoraji watano wa hapa Kigoma. Tumekodi ghala la zamani la dagaa karibu na mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, tunataka liwe makumbusho ya sanaa ya kisasa, tuyaendeshe wenyewe. Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone, lakini yale yanasimulia ya kale. Sisi tunataka mama anayeanika dagaa na kuli wa bandarini wayaone maisha yao ya leo ukutani.

Shida hawaingii. Wanachungulia mlangoni, wanauliza kiingilio ni shilingi ngapi. Ukiwaambia ni bure wanasema watakuja jioni. Sasa jioni wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, na wakirudi alfajiri akina mama wako mbioni kununua na kuanika. Wanapumzika mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutwi vizuri na taa. Nimewaza tufungue kwa kufuata mwezi, tuachane na saa za ofisi. Wenzangu wanahofia wafadhili hawatatuelewa. Mimi naona tumewajengea wavuvi, siyo wafadhili. Mnaonaje?

Halafu kwa mvua hizi, picha zinaota ukungu. Aliyewahi kutunza picha za turubai karibu na ziwa anielekeze, bila kiyoyozi, hela hiyo hatuna. Na usajili tuanzie BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) au kwa ofisa utamaduni wa manispaa?

Nitashukuru sana, hasa kwa mtu wa mwaloni.