Boophone, Haemanthus au Bowiea: nichukue tunguu gani hapa Malindi?

Bin_Maweni
Assalaam aleikum. Naomba ushauri na nauomba haraka manake Alhamisi jioni lazima nitume pesa. Dadangu yuko Nairobi, anashuka Malindi Ijumaa na basi la usiku, na huko Nairobi kuna mama muuza miche ana matunguu matatu ya maua ya kusini mwa Afrika ambayo mie nimeyatafuta siku nyingi. La kwanza Boophone disticha, kubwa kama dafu, elfu sita. La pili Haemanthus albiflos, chungu kimoja chenye matunguu matatu yameshikana, elfu mbili na mia tano. La tatu Bowiea volubilis, lile la kijani linalotoa kamba za kupanda, elfu moja na mia nane. Uwezo wangu ni chungu kimoja tu. Nyinyi mngechukua lipi?

Bibi_wa_Langoni
Waalaikum salaam mwanangu. Sasa hapo tutakujibu vipi? Hukusema litakaa chunguni au ardhini, juani au kivulini, hukusema una mbuzi au watoto nyumbani, na maji hukusema kama ni ya mfereji au ya kisima. Mie niko Lamu na kisima chetu kina chumvi, mmea unaomudu kwa jirani mwenye jabia la mvua kwangu unakufa. Sema hayo kwanza.

Kamba_Kijani
Bowiea, basi, usisumbuke. Mie ninalo hapa Watamu mwaka wa saba huu. Tunguu limekaa juu ya mchanga kijani kibichi, halina hata jani, halafu mvua ikianza linatoa uzi mmoja na ule uzi unapanda nondo za dirisha mpaka unapita kichwa changu, mita tatu hivi, una vijitawi vyembamba na maua ya kijani ambayo usipoyatafuta huyaoni. Wageni wote wakija wanauliza hiki ni nini. Na ndiyo rahisi kuliko yote, Boophone ya elfu sita itakukalia miaka miwili haijatoa kitu.

Tunguu_la_Gede
Kaka Kamba hapo kwa Boophone umesema kweli nusu. Tunguu kubwa likihamishwa hukasirika, linaweza kukaa mwaka au miwili likijenga mizizi kabla ya kuonyesha ua. Lakini likishika halina mfano wallahi, majani ya rangi ya majivu yamejipanga mistari miwili kama kipepeo cha kujipepea kilichofunguliwa, kingo zake zina mawimbi, na thuluthi mbili za tunguu ziko juu ya ardhi zimejifunika magamba makavu kama karatasi. Ua linatangulia majani, wekundu wa waridi, na likishaiva mbegu vijiti vyake vinarefuka vinakauka, kichwa chote kinakatika na kubingirika na upepo kumwaga mbegu.

Bin Maweni, kitu ambacho hakuna aliyekuuliza ni hiki: unajua msimu wa tunguu unalonunua? Mimea ya kusini iko makundi mawili. Kuna ya upande wa Cape Town ambako mvua inanyesha wakati wa baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, hiyo inaota baridi na kulala joto. Na kuna ya upande wa mashariki, KwaZulu-Natal na Eastern Cape, mvua zao zinaanza kama mwezi wa kumi mpaka wa tatu. Ya baridi usiiguse kabisa hapa pwani, usiku wetu hauna baridi ya kuiamsha. Boophone disticha ni ya kundi la pili, nayo inapatikana porini toka Afrika Kusini hadi huku Afrika Mashariki kwa hivyo joto inalijua, ila kuna ndugu yake haemanthoides ambaye ni wa kundi la baridi, huyo mwache. Na hata hii disticha ina tatizo moja: kwao mwezi wa tano mvua zimekwisha, inalala imekauka kabisa, kwetu mwezi wa tano ndio masika yenyewe yanamwagika. Mvua zetu ziko kinyume na saa yake. Ukiliacha wazi mwaka wa kwanza linaoza likiwa usingizini. Liweke chini ya ukingo wa paa ambapo maji unayapima wewe, ulibadilishe polepole liote na masika na lilale Januari mpaka Machi wakati wa kaskazi kavu.

Dari_la_Shela
Haya maneno ya mwezi wa tano ningeyasikia mapema nisingelia. Wacha niwaambie yaliyonikuta.

Miaka miwili iliyopita nilinunua Boophone, lilikuwa kubwa kuliko la Bin Maweni, nikalibeba mwenyewe kwenye boti kutoka Mokowe limefungwa kwa khanga nimelipakata mapajani. Nikaliweka darini kwenye chungu kikubwa cha udongo. Udongo nilichanganya samadi ya punda na mchanga, na mchanga nikachota hapa hapa ufuoni sikuuosha, manake niliona mchanga ni mchanga. Kwa lile jua la darini nikasema litasikia kiu basi nikawa namwagilia kila asubuhi. Miezi mitatu ya mwanzo likanidanganya, likatoa majani matano mazuri ya kujikunja, nikawa nampigia simu kila mtu. Masika yakaingia. Chungu kilikuwa na tundu moja tu chini na lile tundu lilikuwa limezibwa na chokaa iliyobanduka sakafuni, sikujua. Majani yakaanza umanjano na mie nikadhani ni njaa nikaongeza samadi. Siku moja baada ya mvua ya siku nne mfululizo nikapanda kulitazama nikalishika ubavuni, kidole kikaingia ndani. Harufu ile mpaka leo naijua. Nikalitoa nikaanza kumenya gamba moja moja nikitafuta sehemu ngumu nilihifadhi hata kidogo, nimemenya mpaka kitako, hakuna. Ni mmea unaoweza kuishi kumpita aliyeupanda, na mie nimeuua kwa mapenzi ndani ya mwaka mmoja. Chungu bado kiko, sijakipanda kitu.

Kwa hivyo nakuomba ndugu yangu, tundu zaidi ya moja, na mchanga wa ufuoni usiutie.

Bibi_wa_Langoni
Pole sana mwanangu. Na samadi mbichi ya punda ndiyo iliyomaliza, ile ni moto. Haya matunguu hayataki kulishwa.

Mama_Barani
Mimi naona hapa hakuna aliyetaja sumu. Boophone jina lenyewe kwa Kigiriki ni kuua ng'ombe. Wasan, wale wawindaji wa kusini mwa Afrika, walikuwa wanapaka utomvu wake kwenye mishale ya kuwindia. Bin Maweni hujajibu kama una watoto na mimi nakuuliza mara ya pili.

Kamba_Kijani
Ndiyo nikasema Bowiea, haina sumu hiyo.

Mama_Barani
Ina sumu kaka, tena ya kushika moyo. Mbuzi wa jirani yangu alikata kamba mbili tatu za tunguu kama hilo hakufika jioni. Usimwambie mtu mwenye nyumba kwamba ni salama kwa sababu wewe hujaona likidhuru. Kwao huko watu wanalichimba kwa dawa za kienyeji na kuliuza mpaka masoko ya Durban, limeanza kuwa adimu porini, lakini hao wanaolitumia ni waganga wanaojua kipimo. Haemanthus nayo si ya kuliwa vilevile, jamii moja na Boophone.

Kamba_Kijani
Nimekubali kuhusu sumu, nisamehe dada. Langu liko ndani ya nondo, mbuzi hafiki, ndio sikuwahi kufikiria. Lakini kwa uzuri bado nasimama hapohapo.

Mwalimu_wa_Lugha
Samahani naingilia. Nafurahi sana kuona mnaandika tunguu. Kila mahali siku hizi watu wanasema balbu, na balbu ni ya taa. Kitunguu ni kidogo chake, tunguu ni kubwa, neno tunalo.

Tunguu_la_Gede
Sahihi mwalimu. Ila dukani ukisema tunguu wanakuletea kitunguu maji, mie hulazimika kuonyesha picha.

Bin_Maweni
Samahanini nilikuwa kazini. Majibu: ni chunguni, roshani ya ghorofa ya kwanza, jua linaingia asubuhi mpaka saa nne hivi kisha kivuli. Maji ya mfereji, yakikatika tunatumia kisima. Mbuzi hatuna. Mtoto yuko, wa miaka miwili, na roshani anafika.

Mama_Barani
Basi Boophone na Bowiea zishatoka. Mtoto wa miaka miwili kila kitu ni mdomoni.

Bibi_wa_Langoni
Jua mpaka saa nne kisha kivuli, hapo ni mahali pa albiflos hasa. Kwao inakaa chini ya miti na kwenye mabonde ya kivuli karibu na pwani. Langu liko kiwandani kwetu, yaani uani, ndani ya nyumba ya mawe, jua linaligusa saa moja tu, halikauki mwaka mzima, majani mazito kama ulimi, na ua lake jeupe ni kama burashi ya kupakia chokaa ncha zake zimeingia unga wa njano. Chungu kidogo, libanwe, ndipo linatoa ua. Kilichowahi kunisumbua ni vidudu vyeupe kama pamba vinavyojificha katikati ya majani, nafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Na lining'inize juu, mtoto asilifikie.

Tunguu_la_Gede
Namuunga mkono bibi japo moyo wangu uko kwa Boophone. Halafu kuna viwavi weusi wenye madoa ya njano, hao hula jamii hii yote na huingia mpaka ndani ya tunguu. Ukiona jani limetobolewa geuza jani usiku na tochi.

Lakini Bin Maweni hakikisha ni albiflos kweli. Nairobi wengi wanauza Scadoxus kwa jina la Haemanthus. Zamani zilikuwa jenasi moja, yaani kundi moja la mimea ya karibu, zikatenganishwa rasmi 1976, wauzaji wengine bado wako na jina la kale. Angalia picha: jani nene lisilo na shina, au jani jembamba lenye mshipa katikati limebebwa na kitu kama shina chenye madoa?

Bin_Maweni
Nimeangalia tena. Jani ni jembamba. Chini kuna madoa ya zambarau.

Tunguu_la_Gede
Basi hiyo ni Scadoxus, pengine multiflorus, lile la mpira mwekundu. Si mmea mbaya, ni mzuri sana na unaota wenyewe porini hapahapa Kenya, lakini si wa kununua kwa elfu mbili na mia tano kwa jina la kitu kingine. Na huo hulala, majani yote yanakauka, usije ukadhani umekufa ukautupa.

Bibi_wa_Langoni
Mrudie huyo mama kwa upole, huenda naye aliuziwa hivyohivyo.

Dari_la_Shela
Mie ningelichukua hata hilo. Linaamka na mvua na kulala bila mvua, saa yake ni yetu.

Kamba_Kijani
Kwani mtu akitaka albiflos yenyewe hawezi kuagiza Afrika Kusini moja kwa moja?

Mama_Barani
Anaweza lakini anahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mzigo haujatoka huko, na cheti cha afya ya mmea kutoka kwao. Ukiingiza kimyakimya kwenye begi ukakamatwa unaharibiwa mmea wote, na hao viwavi na magonjwa ndio hupitia hapo.

Bibi_wa_Langoni
Aagize ya nini, langu limezaa pembeni matunguu mawili. Bin Maweni akipata mtu wa kuja Lamu nitampa moja, ila si sasa, linatoa ua. Nitalikata likimaliza.

Bin_Maweni
Bibi Mungu akubariki. Nimempigia yule mama, anasema atauliza alikolitoa. Dadangu anasema Boophone lenyewe amelishika kwa mkono na ni gumu kama jiwe na anataka anibebee kwa pesa yake. Sijui nimwambie nini. Mtoto atakua lakini tunguu hilo kesho halipo.

Tunguu_la_Gede
Muulize kwanza limeoteshwa kwa mbegu au limechimbwa. Kubwa kama dafu halikuoteshwa juzi. Kama limechimbwa porini mie singelinunua, na nasema hivyo nikilipenda.

Mama_Barani
Na mtoto yuko palepale.

Dari_la_Shela
Akilichukua, mchanga aupate wapi? Huku kwetu wote ni wa bahari.

Tunguu_la_Gede
Wa mto Sabaki, ule mkubwa mkubwa, unauosha mpaka maji yatoke meupe. Sehemu tatu mchanga na kokoto ndogo, moja majani yaliyooza, na mkaa kidogo uliopondwa. Tunguu lisizikwe shingo.

Dari_la_Shela
Gunia linafika Mokowe kwa bei gani? Natamani kile chungu nikipande tena.

Kamba_Kijani
Shemeji yangu ana lori linakwenda Mokowe Jumamosi na saruji. Magunia sita yanaingia bila shida, nani mwengine wa Lamu anataka?

Bibi_wa_Langoni
Niwekee mawili. Na hakikisha yameoshwa.